Mwindaji Haonekani

Kaka yangu Crispin Kalinga anaamini kwamba duniani hakuna mtu aliyeshindwa, kuna mtu ambaye hajanunua vifaa. Ugonjwa huu ulimwanza mapema. Shuleni alikuwa wa kwanza kumiliki viatu vya mpira vyenye meno, akakaa benchi la akiba mpaka anamaliza, na viatu vikamaliza shule vikiwa na meno yote. Alipojiunga na kwaya alinunua kinanda, na baada ya muda mfupi kwaya ikamwomba kwa heshima kinanda kibaki, yeye akapumzike. Alipooa alinunua jiko la gesi la mafiga manne, na mpaka leo wifi yangu Violet anapikia mkaa, jiko la gesi anaanikia vikombe.

Namsema kwa sababu ni kaka yangu. Nisipomsema mimi atasemwa na watu wasiomjua vizuri. Crispin ana mashine ya kukoboa mpunga Chimala, na mchele wake anaupeleka Dar kwa roli la kukodi. Mimi ni fundi cherehani, Iringa mjini. Mama yetu, Veneranda, anakaa palepale alipotuzalia, kijiji kilicho juu ya barabara kuu, karibu na njia ya kwenda Tosamaganga. Shamba lake la mahindi liko mteremkoni, ukipita na gari unaliona lote. Nyuma ya shamba kuna majabali, na kwenye majabali wanakaa nyani.

Nyani wa kwetu wana tabia moja ambayo kila mtu kijijini anaijua: mwanaume wanamwogopa, mwanamke hawamwogopi. Mwanamke akipiga kelele wanainua macho, wanamwangalia nguo, kisha wanaendelea kula. Dume lao kubwa mama alimpa jina la Mwenyekiti, kwa sababu hula wa kwanza na jembe hajawahi kushika.

Baba, mzee Anord, alifariki wakati wa kipupwe, mavuno yakiwa yameshaingia ndani. Matanga yalipoisha nguo zake ziligawiwa kama desturi ilivyo. Crispin, mtoto wa kwanza wa kiume, alipewa koti na kofia ya pama. Mimi nilipewa blanketi. Lile koti lilikuwa refu, zito, la kijivu, bitana yake nimeishona upya mimi mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na baba alilivaa mvua na jua tangu sisi wadogo, enzi zile anawinda na mbwa wake. Mama alikaa kwenye mkeka akaangalia koti linakunjwa na kuingizwa kwenye mfuko wa Crispin. Macho hayakutoka kwenye ule mfuko. Nilidhani ni majonzi.

Msimu uliofuata nyani walikula mahindi ya mama kama wamealikwa. Alichovuna hakikutosha hata kufika kwaresima. Hapo Crispin akaitisha kikao cha familia na kutangaza kwamba mama amezeeka, shamba limemshinda, ahamie Chimala. Chumba kipo, feni ipo, wajukuu wapo. Ndugu wote wakaitikia, maana ni rahisi kuitikia jambo ambalo mwenzako ndiye atalilipia. Mimi sikuitikia. Mama akiondoka, kwetu patabaki makaburi na mlango wenye kufuli, na mimi sitakuwa tena na pa kwenda Jumapili baada ya misa. Lakini mahindi yalikuwa yameliwa kweli.

Mama aliwaacha wamalize. Kisha akamgeukia Crispin.

"Wewe unasema shamba limenishinda kwa sababu ya uzee. Haya. Msimu huu njoo ulinde wewe, mwenye nguvu. Ukiwaweza hao nyani, mimi nafunga mizigo nakuja Chimala, sitabisha. Wakikushinda na wewe, basi tatizo siyo uzee wangu, na habari ya kunihamisha isirudi tena kwenye nyumba hii."

Crispin alikubali kabla hajamaliza kusikia. Nilimwona machoni kwamba hawazi nyani wala mama. Anawaza vifaa.

Mahindi yalipoanza kubeba, alimwachia Violet mashine, akaja. Vitu vingine alivinunua mitumba Mbeya mjini, vingine aliviagiza kwa simu vikamfikia kwa basi. Nilikuwepo siku anashusha. Kulikuwa na hema la rangi ya chungwa, na darubini nzito ya kumvunja mtu shingo. Kulikuwa na manati ya chuma yenye mpira wa manjano, kana kwamba manati ya mti imekatazwa. Kulikuwa na spika ndogo isiyoingia maji, na fulana ya kizibao yenye mifuko mingi ambayo niliigeuza ndani nje, nikaona mshono wa mikono ya mtu anayewahi kuondoka kazini. Na miguuni alivaa buti za ngozi za kupandia milima, zilizotoka kwa Mzungu ambaye, nadhani, mguu wake wa kushoto ulikuwa mkubwa kuliko wa kulia.

Mama alizunguka ule mzigo wote taratibu. Akauliza kama ndani yake kuna jembe. Hakukuwa na jembe.

Crispin alipiga hema katikati ya shamba, na ili lipate nafasi aling'oa mahindi. Hasara ya kwanza ya msimu ule haikuwa ya nyani. Asubuhi kulikuwa na manyunyu ya kawaida yetu, yale yasiyolowesha ila yanachukiza, kwa hiyo mlinzi alilindia ndani ya hema, zipu imefungwa. Nyani walishuka, wakaona jambo la rangi ya chungwa, wakakaa pembeni kulitafakari. Walipoona halifanyi chochote, wakaanza kula kuanzia upande wa pili. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake anaona yote.

Mchana alimwambia Crispin jambo moja tu: asimame nje, waone mtu. Crispin akacheka kwa huruma, kama mtaalamu anayemsikiliza mgonjwa akijitibu.

"Mwindaji haonekani, mama," akamwambia.

Sentensi hiyo aliitoa kwenye video ya simu, na ndiyo iliyotumaliza. Maana kutoka siku ile hakuwa tena analinda shamba, alikuwa anamwinda Mwenyekiti. Alitaka kumpata kwa manati, jiwe moja la paji la uso, kundi litawanyike, historia iandikwe. Na ili ampate, ajifiche. Na ili ajifiche vizuri, zinahitajika nguo.

Alisafiri mpaka Mbeya kuzifuata. Alirudi na jaketi na suruali ya mabaka-mabaka, ya kijani na udongo, na kofia yake. Mimi nilishika kitambaa nikasema hiki kimeshonwa vizuri, na pia nikasema, kaka, nguo hii inafanana sana na ile ambayo raia haruhusiwi kuvaa. Akaniambia muuzaji amemhakikishia ni ya wawindaji wa Ulaya, mabaka yake ni tofauti. Labda ni tofauti. Lakini mgambo wa kwetu hajapelekwa kozi ya mabaka.

Sifa yake nguo ile tuipe: ilimficha kweli. Crispin alilala kando ya kichuguu, nilisimama karibu naye na nusura nimkanyage. Nyani walishuka kwa raha zao. Crispin akaelekeza darubini kwenye majabali, akimtafuta Mwenyekiti kule mbali, anazungusha kile kigurudumu cha kuleta picha. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake. Alikuwa amekalia mkoba wa Crispin, amefungua zipu kwa ustadi ambao mimi fundi niliuheshimu, anakula chapati alizopikiwa na mama. Crispin alipogeuka, walitazamana kwa karibu sana. Mmoja wao alipiga kelele na kukimbia, na sitamtaja, ila Mwenyekiti alimaliza chapati.

Jumapili yake ndiyo ilikuja aibu ya pili. Crispin aliteremka kutoka shambani na mabaka yake, watu wakiwa wanatoka kanisani, akina mama na vitenge vyao vya jumuiya, katekista mbele. Njiani alisimamishwa na Sedekia, mtoto wa baba yetu mdogo, ambaye ni mgambo wa kijiji. Sedekia alikuwa na huzuni ya kweli usoni. Akamwambia mnyalukolo, ndugu yangu, mimi sikuoni kama adui, lakini hiyo nguo ivue hapa hapa, kabla hajapita mtu mkubwa kuliko mimi. Crispin akaleta habari za Ulaya. Sedekia akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono apokee suruali. Kaka yangu alifika nyumbani na singlendi, kitenge cha kuazimwa kiunoni, na zile buti. Nyani wawili waliokuwa pembezoni mwa shamba walimwona anapita. Mama aliapa kwamba mmoja alimwita mwenzake aje aangalie.

Baada ya hapo alijaribu spika. Alipakua sauti ya simba, akaificha spika juu ya jabali, akawasha. Nyani walinyamaza, wakapanda kwenye mwamba, wakaizunguka ile spika, mmoja akaibeba. Waliokimbia ni mbuzi wa jirani. Walivunja zizi kwa hofu, wakakimbilia shamba la mama, na kwa kuwa walikuwa wameshafika wakala maharage.

Wakati huo mimi nilikuwa sicheki tena. Kila Jumapili nilikuta mistari mingine imelala, magunzi yametupwa, mabua yamevunjika. Nilimwambia mama wazi kwamba naogopa. Crispin akishinda, mama anahama. Crispin akishindwa, mama anabaki na njaa, na mtu mwenye njaa mwishowe atahama tu. Mama alikuwa anapukuchua yale machache yaliyookolewa. Akaniambia nisiwahi kulia, maiti haijaonekana.

Siku moja Crispin alikuja jikoni mchana, akavua buti, akaweka miguu yake yenye malengelenge karibu na moto. Alikuwa amechakaa. Darubini ilikuwa bado shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliuliza swali ambalo jibu lake haliuzwi. Akauliza baba alikuwa anafanyaje. Maana baba hakuwa na hema wala spika, mbwa wake walikufa siku nyingi, na miaka yake ya mwisho alikuwa mzee kabisa, lakini mahindi yalikuwa yanajaa ghala.

Mama aligeuza hindi kwenye makaa.

"Baba yako hakupanda kwenye lile shamba tangu miguu imkatae," akasema. "Misimu mitatu kabla hajafa. Alikuwa anakaa hapo kwenye kiti, anachambua maharage."

Crispin akasema haiwezekani. Alikuwa anapita na roli la mchele, akiangalia juu anamwona mzee shambani, koti na kofia. Dereva alikuwa anapiga honi na mzee anainua kofia. Kila safari.

"Aliyekuwa anainua kofia ni mimi," mama akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni na ungo. Nikaanza kuhesabu kichwani zile Jumapili zangu. Nilikuwa namkuta baba kitini, amevaa shati safi, na Jumapili hakuna mtu anayekwenda kulima, kwa hiyo sikushangaa. Katikati ya wiki nikipiga simu alikuwa anasema ndiyo kwanza anatoka kulima. Mzee yule alidanganya kwa sauti nzuri kuliko ya padri.

Mama akaeleza bila kuinua sauti. Wale nyani walimjua baba tangu enzi za mbwa na upinde, na walilijua koti lake. Miguu ilipokataa, baba aliona aibu, akataka watoto wasijue, kijiji kisijue. Basi asubuhi mama alikuwa anavaa koti, linamfunika kitenge mpaka chini ya magoti, anavaa kofia na mabuti ya mvua, anapanda shambani, anatembea na mikono nyuma kama baba alivyotembea. Baba alikuwa anamwangalia kutoka kwenye kiti, na akirudi anamkosoa mwendo. Baada ya msiba mama alijaribu koti la Sedekia. Nyani walimwangalia tu.

Nikamuuliza kwa nini hakulikatalia lile koti siku ya kugawa nguo. Nilikuwa na hasira, na sijui nilikuwa namkasirikia nani.

"Ningesema nini mbele ya watu wa matanga?" akasema. "Kwamba marehemu alikuwa halimi, mimi ndiye nilikuwa mwanaume? Siku ya kumzika?"

Kisha akamtazama Crispin, akamuuliza koti liko wapi.

Crispin akaangalia buti zake. Akasema liko Chimala, shambani kwake, kwenye mpunga. Mama akauliza nani analivaa. Ilibidi aulize mara mbili.

"Miti," Crispin akasema. "Nimelivalisha miti. Kutishia ndege."

Nilitegemea mama akasirike. Alicheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, akauliza kama angalau ndege wanaogopa. Crispin akasema hapana, wanakalia mabega. Naye akaanza kucheka, kisha nikaona hacheki, analia, mtu mzima mwenye darubini shingoni. Alisema jambo moja tu, kwamba kila alipofika Dar alikuwa anampigia Violet simu kumwambia mzee yuko imara, nimemwona mwenyewe. Miaka mitatu alisalimia kwa honi na kuhesabu kwamba ametembelea wazazi.

Aliondoka siku hiyo hiyo na gari la mchana, kwa ndala. Alirudi na koti kwenye mfuko wa sandarusi. Lilikuwa na tope la Usangu, kinyesi cha ndege na tundu mbili za vijiti begani. Nililifua, nikaliziba. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu kama ule, hata magauni ya maharusi.

Asubuhi mama akalivaa. Crispin na mimi tulibaki mlangoni. Nyani walikuwa wameshashuka, Mwenyekiti mbele, anachagua. Mama alipanda mteremko hana haraka, mikono nyuma, kofia imeshuka kidogo upande wa kushoto. Mwenyekiti akainua kichwa. Akasimama kwa miguu miwili, hindi mkononi. Nadhani aliwaza kama sisi tulivyowaza, kwamba huyu si tulimzika? Kisha akatupa hindi na kukimbia, na kundi zima nyuma yake, mama zao wakibeba watoto tumboni, mpaka juu kabisa ya majabali.

Crispin alikuwa anatazama kwa darubini. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akanipa na mimi nitazame. Niliona koti. Niliona ule mwendo, goti la kulia likirushwa kidogo pembeni. Nikamrudishia darubini; sote wawili tulikuwa tumemwona baba.

Zaidi ya nusu ya mahindi yaliokoka. Crispin alikiri mbele ya kikao kwamba nyani wamemshinda, na habari ya kuhama ikafungwa. Vifaa navyo vilipata kazi. Hema ni banda la kuku, na kuku wanataga vizuri kwenye rangi ya chungwa. Fulana ya mifuko anavaa katekista anapokusanya sadaka. Buti alipewa Sedekia, ambaye naye miguu yake, kwa bahati, hailingani. Darubini mama hakuiachia. Anakaa nayo mlangoni jioni kuangalia nani anaelekea kwenye pombe ya ulanzi, na uchungaji wa kijiji umepanda kiwango.

Mvua za kupandia zilipoanza tena, nilikuwa shambani na mama. Mahindi yalikuwa yanachomoza, na huo ndio wakati nyani wanafukua mbegu, kwa hiyo mama alikuwa ndani ya koti. Tukaona roli la mchele linapanda kutoka upande wa Mbeya. Mama akasimama wima, akaweka mkono kwenye kofia, tayari kuinua, kama alivyozoea.

Honi haikulia. Roli likapunguza mwendo, likasimama pembeni, taa zinawaka na kuzima. Crispin akashuka. Akavuka barabara, akaanza kupanda mteremko kwa viatu vyake vya safari, anateleza kwenye tope, anashika majani, hana hata fimbo.

Mama akashtuka. Alimngoja afike karibu, akamuuliza amesahau nini.

"Nilisahau kushuka," Crispin akasema, anahema.

Mama alimwangalia kutoka chini ya kofia ya baba. Kisha akampa jembe.